Mtani wa Kushika Kamera

Pweza aliingiza mikono yake minne kupitia matundu yasiyozidi upana wa kidole, akaukata uvimbe kwenye figo ya mgonjwa, akashona jeraha kabla damu haijapata habari. Alikuwa roboti tu, lakini wahudumu wa hospitali hiyo ya Dodoma walishambatiza jina hilo kwa sababu ya mikono. Vifundo vyake vilijipinda kuliko kiwiko chochote cha binadamu. Daktari Mihambo alikaa pembeni akimwongoza kwa vidole, na kamera ilifuata macho yake mwenyewe.

Zamani haikuwa hivyo. Enzi za upasuaji wa matundu kwa mkono, daktari alishika fito mbili ndefu za chuma zisizopinda, na kamera ilishikwa na mtu. Kwa Mihambo, mtu huyo alikuwa Sista Pazi, nesi wa Kizaramo. Mihambo ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na mgonjwa akishalala tu walianzana.

"Mzaramo, tuliza kamera, hapa si ngomani!"

"Na wewe vuta taratibu, Mnyamwezi. Hiyo figo si mzigo wa kupeleka pwani!"

Walicheka, na mikono ikatulia. Raha iliyoje ile!

Leo Sista Pazi, mstaafu, alikuwa ameketi mbele yake akiwa na saratani kwenye figo pekee iliyombakia.

"Nipasue kwa mkono, kama zamani," alisema. "Huko kwa Pweza kimya mno. Hata msibani watani wanaongea!"

Mihambo alitamani kukubali, alitamani mno. Lakini uvimbe ulikuwa umeng'ang'ania karibu na mshipa mkuu wa damu.

"Lazima nibane mshipa ndipo nikate. Kwa fito nitachelewa kushona, figo itakufa, na utaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Pweza anashona upesi."

"Basi nitanie nikiwa nimelala."

"Nakuahidi, Mzaramo."

Kesho yake Pweza alikata, akashona, na figo ikarudiwa na rangi yake. Mkono wa mtu usingeweza.

Jioni Sista Pazi alifumbua macho. "Figo yangu?"

"Ipo. Inafanya kazi."

"Alhamdulillahi. Haya, ulinitania nini?"

"Nilifungua kinywa, Sista," alisema Mihambo. "Lakini kamera haikutikisika, na hakuna aliyekosea wa kutaniwa. Sikupata la kusema."