Aliyekalia Kiti Changu

"Dada, toa hiyo gari! Lori la maji halipiti!"

Soja, mlinzi wa nyumba za korti yetu hapa mtaa wa Tena, alikuwa akigonga geti kwa rungu. Phares, mchumba wangu, alikuwa sebuleni akinywa chai na baba. Akanirushia ufunguo.

"Isogeze, mpenzi. Polepole. Hiyo si Mercedes GLA ya kawaida, ni AMG, ya mbio. Ukiikanyaga vibaya utajipata mtaa wa pili, Donholm."

Baba akacheka. Jumamosi wajomba wa Phares walikuwa wanakuja kuniposa, na mzee hakuficha furaha yake.

Nikaingia garini. Mlangoni kuna vitufe vya kukumbuka mkao wa kiti. Cha kwanza ni chake. Cha pili alikipanga siku aliyonivisha pete. Alikisogeza kiti nyuma mpaka miguu yangu mirefu ikatulia, akasema, "Namba mbili ni yako, Ayuma. Hakuna mwingine."

Nikabonyeza namba mbili.

Kiti kikaenda mbele. Kikazidi kwenda. Kikapanda. Magoti yakabanwa chini ya usukani, nywele zikagusa paa.

Nilikaa pale nimejikunja, soja akipiga kelele. Mtu alikuwa amefuta kimo changu akaweka chake. Mtu mfupi. Na wa kimo hicho nilimjua mmoja tu, alikuwa hapo kambani akianika nguo.

"Elsie! Njoo uisogeze, mgongo unaniuma."

"Aki Ayuma, mimi na gari? Sijui hata kuwasha."

"Kaa tu. Nitakuelekeza."

Mdogo wangu akapanguza mikono, akakaa. Miguu yake ikafika sawasawa. Sikuwa nimesema neno, kidole chake kikazungusha kidude kwenye usukani kabla ya kuwasha.

"Ukiiacha hivyo itanguruma, baba asikie," akasema.

Kisha akakiondoa kidole haraka.

"Nani amekufundisha kuinyamazisha?"

"Ayuma..."

"Nimeuliza nani."

"Alisema mtaachana. Alisema hii ya Jumamosi ni ya kumfurahisha mamake tu."

Simu ikalia mkononi mwangu. Ujumbe wa Phares: "Umeshindwa, babe? Nikuje?"

Nikajibu: "Njoo. Elsie ameweza."

Akatoka na kikombe mkononi, baba nyuma yake. Alipoona ni nani aliyekalia kiti, chai ikamwagika kwenye viatu.

"Ayuma, si vile unafikiri."

"Nimekwambia ninafikiri nini?"

"Tuongee ndani, tafadhali. Watu wanaangalia."

"Wacha waangalie! Ulipokuwa ukimchukua dada yangu kimyakimya, mimi nikichagua kitambaa cha posa, nani alikuwa akiangalia?"

"Jameni, lori!" soja akalia.

Baba akasogea karibu na gari. Alimtazama Elsie, akamtazama Phares. "Kijana, ni kweli?"

Phares akakazia macho kikombe.

"Baba, Jumamosi wajomba waje tu," nikasema. "Lakini lazima waambiwe wanamposa binti yupi. Mwambie alitaje jina hapa, mbele yetu sote. Langu asilitaje."

Elsie akashusha kioo.

"Phares. Taja langu, basi."

Phares akatazama viatu vyake vilivyolowa.

"Phares?"

Mwanamume akageuka, akaanza kuhesabu mawe ya korti kwa macho. Hapo ndipo mdogo wangu alipoangua kilio, paji la uso juu ya usukani. Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikamfungulia mlango.

"Shuka," nikamwambia. "Hata wewe hakukutaka."