Maji ya Jirani wa Juu

Basi la Mombasa liliposimama stendi ya Garsen, mzigo wa kwanza kushushwa ulikuwa mwanamke asiye na kichwa. Wauza mayai wakapiga kelele, wapiga debe wakaangua kicheko, na utingo akamsimamisha yule mwanamke wa plastiki katikati ya vumbi, kifua mbele, bila hata leso.

"Dada, huyu ndugu yako kichwa amekisahau Mombasa?"

Loise aligeuka na jibu tayari mdomoni. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati la samawati mikono imekunjwa, bisibisi mfukoni, na tabasamu ambalo bila shaka lilishawaponza wengi.

"Ndiyo maana nampenda. Hana mdomo wa kuuliza mambo yasiyomhusu."

"Basi mimi ninao. Nikubebee?"

"Mbebe, lakini kwa heshima. Huyo ndiye atakayevaa nguo zangu dukani."

Jasper, fundi wa sola, akambeba mpaka duka la ushonaji la Loise huku mji mzima ukimtazama. Njiani aliusifu mshono wa gauni lake la kitenge, akamwita fundi, aliposikia kwao ni Ngao akamwita binti wa Ngao, na kufika mlangoni alikuwa anamwita malaika. Loise alijifanya hakusikia, lakini namba ya simu alitoa.

Simu hazikukatika tangu siku hiyo.

"Malaika, umekula?"

"Nimekula. Hebu niambie, wewe wakaa wapi hasa?"

"Juu, karibu na Mungu."

"Porojo hizo!"

"Na wewe Jumamosi wapotelea wapi?"

"Siri yangu. Ikiiva utaambiwa."

Siri ilikuwa nyumba. Loise alikuwa amechoka kuhamishwa. Mwenye nyumba akimwoza mwanawe, mpangaji atoke; akirudi ndugu kutoka Hola, mpangaji atoke. Bi Swaleha alikuwa anauza nyumba yake ya chini kwenye jengo la ghorofa nyuma ya soko, ahamie Malindi kwa wanawe, na Loise aliitaka nyumba ile mpaka akawa anaiota. Shida ilikuwa doa kwenye dari ya chumba cha kulala.

Doa lenyewe lilikuwa na vituko. Jumamosi moja lilikuwa kubwa kama sinia, likilia matone palipopita waya wa taa. Jumamosi iliyofuata limekauka. Kisha likarudi, bichi. Mtu mwingine angekimbia. Loise, ambaye tangu utotoni alipigwa kwa kuchungulia vyungu vya watu, alivuta kiti akalinusa.

"Bomba la bafu hilo?" aliuliza.

"Bafu la juu liko upande ule, mwanangu," Bi Swaleha akajibu. "Hata mimi sielewi. Huyo jirani simpati, asubuhi mpaka jioni yuko kazini."

Fundi wa mjengo aliyeitwa alitikisa kichwa. Maji yakizidi kuingia, alisema, nondo zitaoza, na wa chini ndiye atakayeangukiwa.

Jumamosi iliyofuata, Loise akiwa bado kwenye kiti, alisikia nyayo juu ya kichwa chake, kisha maji yakimwagwa, mwaaa! Tone likamwangukia puani. Akaruka chini, akapanda ngazi mbili mbili, akagonga kwa ngumi. Mlango ukafunguka. Jasper, kikoi kiunoni, ndoo mkononi.

"Wewe!"

"Malaika? Nani amekuonyesha kwangu?"

"Kwa hiyo ni wewe unayeiozesha nyumba ninayonunua?"

Ndoo ilimteleza mkononi. "Mnunuzi ni wewe?"

Bi Swaleha alisikika kutoka chini: "Huyo ndiye aliyetaka kuinunua yeye mwenyewe! Alitaka ningoje mpaka mavuno, nikakataa!"

Loise akayaunganisha mambo vibaya, lakini kwa haraka ya ajabu. "Kumbe! Wamwaga maji ili wanunuzi wakimbie! Na yale mapenzi ya stendi, ulikuwa wanipeleleza?"

"Loise, ngoja, huu mpunga..."

Hakungoja. Alimwambia Bi Swaleha kwamba hanunui tena, akarudi dukani, akazima simu, akalia. Aliumia mara mbili, nyumba imekwenda na mwanamume amekwenda.

Alipovua viatu ndipo alipoona kitu kimeganda kwenye soli. Punje ya mpunga, yenye mzizi mweupe umechomoza. Akaitazama kwa muda mrefu. Nyanyake aliloweka mbegu hivihivi, akazifunika kwa gunia kwenye kona ya jiko, akawa anazinyunyizia mpaka ziote. Jiko la nyanya lilikuwa la udongo, na udongo ulikunywa maji yote. Saruji hainywi!

Akawasha simu huku akicheka na machozi bado usoni.

"Jasper, unaotesha mpunga ghorofani?"

"Ni wa mama," akajibu kwa unyonge. "Mbegu za kwanza, viboko walikula miche yote shambani kwake kule Golbanti. Na sasa mto umefurika mpaka mlangoni kwake, hapana pa kuwekea nyingine. Nikasema, sakafu si sakafu tu?"

"Sakafu yako ni dari yangu, mjinga wewe! Na nyumba ya chini uliitakia nini?"

"Mama anaumwa magoti. Ngazi zile haziwezi."

Loise alikata simu, akapiga hesabu. Akinunua yeye, mama huyo atabaki na mto mlangoni. Asiponunua, atanunua mtu mwingine. Alifunga duka, akarudi kule ghorofani.

Yeye na Jasper waliyateremsha magunia ya mbegu pamoja hadi uani, Bi Swaleha akisimamia kama nahodha.

"Nanunua," Loise alisema, akifuta tope kwenye gauni. "Vyumba ni viwili. Kimoja cha mama yako."

Machozi yalimlengalenga Jasper, na hakuyaficha. "Na mimi?"

"Wewe nakupenda, lakini maneno hayo yapeleke kwetu Ngao, ukiwa na wazee wako."

Simu ya Jasper ikalia. Sauti ya mama yake ikasikika uani kote: mbegu zimeota? Na huyo anayenunua nyumba ni nani, ni mtu wa maana?

Jasper akafunika simu kwa kiganja. "Nimwambie nani?"

Loise aliinyakua, akavuta pumzi.

"Shikamoo, mama. Ni mkaza mwanao."