Mfungwa Aliyeelekea Menengai

Kila siku ya shule, saa saba kasoro dakika chache, mimi hutoka darasani mbio kwenda nyumbani kula. Nyumbani ni laini, yaani zile nyumba za askari zilizojipanga nyuma ya gereza dogo la shamba, chini ya mlima Menengai, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Baba yangu, Koplo Kimaiyo, ni askari wa magereza. Tulihamia hapo Januari kutoka Keringet, na njia ile sikuipenda hata siku moja. Upande mmoja ni ukuta wa shule, upande wa pili ni ua wa seng'enge wa shamba la gereza, na katikati ni vumbi jeupe linaloingia mpaka ndani ya soksi.

Keringet mchana una kelele za ng'ombe, matrekta na watu wanaoitana kutoka boma hadi boma. Hapa, saa saba ya mwezi wa Februari, kila kitu hunyamaza. Wafungwa huwa wanakula upande wa pili wa ghala, mabua makavu ya mahindi yamesimama tu, na hata ndege hawalii. Juu ya ukingo wa Menengai mvuke mweupe hupanda polepole, bila sauti. Watoto wa laini walikuwa wameshaniambia kwamba mlima huo una wenyewe, na kwamba hao wenyewe hutembea mchana ndani ya vimbunga vya vumbi. Mbele yao nilicheka. Nikiwa peke yangu kwenye ile njia, sikucheka.

Jumatatu moja nilimwona. Mfungwa mrefu, mwembamba, ndani ya sare ya mistari, alikuwa amejitenga na wenzake na kusimama karibu na ua. Hakuniona. Aliinama akapiga vumbi kwa viganja vyote viwili, akajipaka usoni. Akapiga tena, akajipaka mikononi mpaka kwenye viwiko. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyetoka kusaga unga, macho tu ndiyo yaliyobaki meusi. Mkoba ulinitoka begani na sikuuokota.

Akaingia kati ya mabua, akageuka kuelekea Menengai, akatulia huku midomo yake ikicheza. Kisha akainama. Kisha akazama kabisa kwenye mabua, akapotea. Nilihesabu mpaka tano, akaibuka, halafu akapotea tena. Kimbunga kidogo cha vumbi kilianza kuzunguka shambani, kikaja moja kwa moja upande wake, kikampitia, naye hakutikisika. Mwishowe nilimwona kupitia mwanya wa mabua, ameketi chini, kidole kimoja kimenyooka kuelekea mlimani. Aligeuza uso kulia, midomo ikatamka neno nisilolisikia. Akageuza kushoto, ikatamka tena. Kulia hapakuwa na mtu, na kushoto pia hapakuwa na mtu.

Nilinyakua mkoba nikatoka mbio. Siku hiyo sikula. Nilimwambia Mama tumbo linaniuma. Lakini sitajifanya shujaa wala mwenye akili: Jumanne nilirudi palepale, na Jumatano pia, nikasimama nyuma ya nguzo ya ua bila kupumua vizuri. Kila siku alikuwa pale, saa ileile, na kila siku aliwasalimu wale wasiokuwepo.

Sasa, mimi nina ugonjwa mmoja. Nikianza kusimulia na watu wakanikazia macho, ulimi wangu hauna breki. Jumatano jioni watoto wa laini walikuwa bombani wakichota maji, nami nikawasimulia yote niliyoyaona. Yalitosha kabisa kutisha. Mdogo wangu Kibii, mwenye miaka mitano, alikuwa ameishika sketi yangu kwa mikono yote miwili.

"Halafu?" mmoja akauliza.

Hapakuwa na halafu. Nikaiunda papo hapo.

"Halafu akasema kwa sauti nzito, 'Enyi wa Menengai, nifungulieni!' Na mvuke ukapanda, puuu!"

Wakapiga mayowe. Ndoo mbili zikamwagika. Nilisikia raha, nakiri.

Sajini Makokha alikuwa akipita, akasimama. Yeye ndiye mkubwa wa kikosi cha wafungwa wa shambani. Jumapili huhubiri, na kila asubuhi, kabla ya kugawa majembe, huwaambia wafungwa wote wafumbe macho waombe pamoja naye. Ni mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, lakini jioni ile nilimwona akimeza mate.

"Wewe msichana wa Kimaiyo. Ulisikia hayo kwa masikio yako?"

Watoto wote waliniangalia. Ningesema hapana, wangenicheka mpaka nimalize shule.

"Ndiyo, afande."

"Nifungulieni. Alisema hivyo?"

"Ndiyo, afande."

"Shetani ashindwe!" akasema, akaondoka haraka bila kuuangalia mlima.

Alhamisi, wakati wa chakula cha jioni, Baba alikuwa akikoroga mboga bila kula. Mama akamuuliza ana nini.

"Kuna mfungwa wa Makokha, anaitwa Jalal. Amefungiwa peke yake tangu asubuhi. Kesho saa nane ana kesi mbele ya Madam, mkuu wa gereza."

"Amefanya nini?"

"Eti uchawi, na kupanga kutoroka. Yeye anasema alikuwa anasali tu. Aliomba ruhusa ya kusali saa saba, Makokha akamwambia asubuhi tulishaomba kwa niaba ya wote, inatosha. Ndio akawa anajificha kwa mabua."

"Si Madam atamsikiza?"

"Angemsikiza. Shida ni kuna shahidi alimsikia akiita wenye mlima wamfungulie." Baba akaweka kijiko chini. "Huyo mtu alikuwa atoke wiki ijayo. Alipunguziwa siku kwa tabia njema. Wakimrudishia hizo siku, ni miezi minne zaidi. Na bibi yake amejifungua, hata mtoto hajamwona." Kisha akanigeukia. "Chepkirui, ulimsikia kweli?"

"Ndiyo, Baba," nilisema, nikasukuma sahani kando.

Farhiya huketi nami dawati moja. Baba yake anauza vitambaa mjini. Alikuwa mgonjwa wiki nzima, kwa hiyo habari ya mfungwa aliisikia Ijumaa, wakati wa mapumziko ya saa nne. Wenzetu walipiga mayowe. Farhiya hakupiga. Alinivuta nyuma ya darasa.

"Alipiga mchanga mara mbili?"

Nywele zilinisimama. "Umejuaje?"

"Ya kwanza uso, ya pili mikono?"

Nikaitikia kwa kichwa. Farhiya aliinama, akapiga vumbi kwa viganja, akajipangusa uso. Akapiga tena, akajipangusa mikono mpaka viwikoni. Aliponitazama kwa uso ule mweupe nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta.

"Aki wacha uoga, ni mimi," akasema akicheka. "Hiyo ni kutayamamu. Tukikosa maji ya kutawadha, tunatumia mchanga safi."

"Na mbona anaangalia Menengai?"

Akanyoosha mkono juu ya paa la darasa. "Maka iko huko. Ukiwa Nakuru, ni kaskazini. Huo mlima umekaa tu hapo katikati. Msikitini sisi wote tunaangalia huko kila siku."

"Na wale anawasalimia?"

"Malaika. Mmoja kulia, mmoja kushoto." Kisha akakunja uso. "Lakini hiyo ya nifungulieni siielewi. Tunasali kwa Kiarabu, na adhuhuri tunasoma kimoyomoyo, husikii kitu. Wewe uliisikia wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwambia ninaenda chooni, na huko nikalia.

Mchana huo sikwenda nyumbani. Nilikwenda hadi lango la gereza nikaomba kumwona Baba. Niliogopa mambo mawili: Sajini Makokha ni mkubwa wa Baba kazini, na Baba mwenyewe nilimdanganya mezani, macho kwa macho. Nilipomwambia, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Utayasema hayo mbele ya Madam," alisema. "Mimi siwezi kukusemea."

Tulipita ujia mrefu wenye milango ya chuma. Nje jua lilikuwa linachoma, lakini mle ndani palikuwa na baridi, na hatua zetu zilitufuata kwa nyuma. Kutoka nyuma ya mlango wa mwisho ilisikika sauti ndogo ikinong'ona, ikanyamaza, ikanong'ona tena. Nilijua sasa ni nini, na bado mwili ulinisisimka.

"Ni yeye," Baba alisema. "Saa saba imefika."

Saa nane Madam Zeddy, mkuu wa gereza, aliketi nyuma ya meza yake na faili moja. Sajini Makokha alisimama kando. Wakamleta Jalal. Nilitegemea macho ya kutisha, nikaona mtu wa kawaida aliyechoka, mwenye mafua.

"Huyu ndiye shahidi?" Madam aliuliza.

"Madam," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya Kibii. "Nilidanganya. Hakuita mtu. Sauti yake sikuisikia hata kidogo. Niliongeza ili stori iwe tamu."

"Madam, huyu mtoto ametishwa," Sajini Makokha akasema.

"Sijatishwa, afande. Nilimwona akijipaka vumbi, akiinama, basi. Alikuwa anasali."

"Na vumbi ni la nini?" Madam akamuuliza Jalal.

"Mtungi wa kikosi ni wa kunywa tu, Madam. Tulikatazwa kuoga nao. Bila maji, dini yetu inaruhusu mchanga."

Madam alifunga faili. "Sajini, huyu alikuomba ruhusa ya kusali?"

"Aliomba, Madam. Lakini tunaomba wote asubuhi."

"Kwa dini ya nani?"

Sajini akarekebisha mkanda wake.

"Jumapili mimi na wewe tunaimba kwaya moja," Madam akasema, bila kupandisha sauti. "Huko kanisani, hubiri mpaka bati litikisike. Lakini tukivaa hizi sare sisi ni serikali, na Katiba inasema hakuna dini ya serikali. Korti ilimfunga Jalal kwa kununua simu za wizi. Haikumfunga kwa kuwa Mwislamu. Huwezi kumlazimisha aombe kama wewe, na huwezi kumnyima kuomba kama yeye."

"Niliogopa, Madam," Sajini alisema akiangalia viatu vyake. "Huo mlima..."

"Hata mimi huo mlima siupendi," Madam akasema. "Lakini woga wangu si sheria. Kosa limefutwa. Kuanzia Jumatatu, wa kuomba aombe kwa njia yake, asiyetaka aachwe, na maji yapelekwe shambani." Akamgeukia Jalal. "Una neno?"

Jalal alinitazama mimi.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Siku mbili nimeona mtoto kwa ile nguzo. Hasongi, hasemi. Nikimaliza kusali, hayuko. Nikajua huyu ni jini wa Menengai, kila siku anakuja karibu."

Jumatano iliyofuata, baada ya shule, lango la upande wa laini lilifunguliwa Jalal akatoka, amebeba mfuko mmoja wa plastiki. Mke wake alikuwa akingoja ng'ambo ya barabara, mtoto mchanga mgongoni. Watoto wa laini walikuwa wakicheza kati ya Jalal na mkewe.

"Ni yule wa Menengai!" mmoja akapiga yowe.

Wakatawanyika. Mama mmoja alitoka akamvuta mtoto wake ndani, akafunga mlango kwa komeo. Kibii alijificha nyuma ya tangi la maji, akilia. Barabara yote ikanyamaza kama lile shamba la saa saba. Mke wa Jalal aliangalia huku na huku bila kuelewa, akamfunika mtoto wake uso kwa shuka. Jalal alisimama katikati ya vumbi na mfuko wake, hajui aende mbele au arudi. Nilimwonea uchungu ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu nisiye na undugu naye, maana uso ule mweupe waliokuwa wakiukimbia nilikuwa nimewapa mimi.

Nilitoka kibarazani. Nilimfikia, nikanyoosha mkono.

"Habari yako, mzee. Nisamehe."

Akaupokea. Mkono wake ulikuwa na joto. "Nimekusamehe," akasema. "Sasa niambie hao wengine nitawaambia nini."

Niligeuka nikapaza sauti ili milango yote isikie. "Nilidanganya! Hakuita kitu! Alikuwa anasali!"

Mlango mmoja ukafunguka kidogo. "Lakini ulisema..."

"Nilidanganya!"

Jalal akavuka barabara. Mke wake akaufunua uso wa mtoto, naye akainama kumtazama, na hapo nikashindwa kuendelea kuangalia.

Baba alikuwa amesimama langoni. Alikuja akaniwekea mkono begani.

"Uliona mtu anaomba kwa njia usiyoijua," alisema. "Kuona si kosa, hata kuogopa si kosa. Ungeuliza. Badala yake ulijaza mwenyewe pale usipopajua, na mtu akafungiwa kwa hayo maneno. Madam alifuta kosa lake kwa kalamu, dakika moja. Uongo wako hauko kwa karatasi. Uko kwa vichwa vya watu, na huko utaenda kuutoa wewe, mmoja mmoja."

"Mara ngapi, Baba?"

"Kila mara utakapousikia."

Tukaanza na Kibii, aliyekuwa bado nyuma ya tangi, amefumba macho.