Vidole Vilivyojibu Mapema

Vidole vya miguu vilicheza kabla nesi hajauliza.

"Safi, mzee," nesi akasema, akapita.

Mzee alikuwa fundi cherehani, ile ya kukanyaga, na miguu hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake hadi shahada ambayo mpaka leo kazi yake ni kupamba ukuta. Jana alipasuliwa mshipa mkubwa wa damu, ule uteremkao kutoka moyoni. Daktari bingwa alimwonya binti: "Look, uti wa mgongo unakunywa damu ya mshipa huo. Ukikosa, unakufa. Miguu ikilegea tu, semeni mapema. Tutapandisha presha, tutapunguza maji ya mgongoni, tutauokoa. Mapema."

Mchana wodi ikanuka ghafla chuma kilicholoa. Baba akamvuta binti.

"Mwanangu, siisikii miguu."

"Mbona inacheza, baba?"

"Inacheza. Sio mimi."

Binti akamkimbilia nesi.

"Dada, vidole vinacheza, presha nzuri," nesi akamjibu. "Ulitaka akupigie dansi?"

"Mchome sindano uone! Please!"

"Wasomi, bwana. Kazi hamna, ila za wenzenu mnazijua."

Binti akarudi kitandani, na chini ya shuka miguu ilikuwa ikikanyaga, kisigino, kidole, kisigino, kidole, mwendo uleule wa cherehani uliombembeleza utotoni, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka akisema mzee ana hamu ya kazi, na nesi naye akacheka, na baba akawa analia bila sauti huku kitu kisichoonekana kikimjibia kila alichoulizwa.

Jioni daktari bingwa alipofika, akamchoma sindano kwenye unyayo. Baba hakupepesa jicho. Wakapandisha presha, wakatoa maji. "Too late," daktari akasema, kama mtu aliyeachwa na basi.

Nyumbani mama akaleta mganga. Mganga akagusa goti, akaurudisha mkono kama aliyeungua.

"Naweza kumtoa huyu aliyemwingia. Lakini uti umeshakufa. Nikimtoa, miguu hii haitainuka tena."

"Na asipotoka?" mama akanong'ona.

"Atapanda. Hana haraka."

Chini ya kiti cha baba, kisigino, kidole. Wote wakamgeukia baba. Binti akafungua mdomo amuulize, na kabla hajatamka neno, sauti ya baba ikajibu, safi, bila kutetemeka:

"Mwacheni."

Macho ya baba yalikuwa yanakataa.