Honi Tatu Mbele ya Dirisha la Kijani

"Akipiga honi tatu, mshike."

Amri ilikuwa fupi hivyo. Iliingia sikioni mwa Kipanga saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kupitia kidude kidogo kuliko punje ya mahindi. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa ndani ya boti la watalii, kofia pana kichwani, mafuta ya kuzuia jua yamemwagika usoni, anatabasamu kama mtu asiye na habari ya dunia.

"Nimekusoma, Mkuu," alinong'ona, akijifanya anakohoa.

Kipanga lilikuwa jina la ofisini. Walimpa kwa sababu miaka kumi na saba ya ujasusi hakuwahi kurudi mikono mitupu. Leo alikuwa muuza vigae vya bafuni aliye likizoni. Kitambulisho cha uongo, mke wa uongo aliyebaki hotelini na kichwa cha uongo kinachomuuma. Alikodi ziara ya saa mbili kuzunguka pwani ya kisiwa, peke yake, bila abiria mwingine.

Chini ya taulo yake kulikuwa na bastola aina ya Glock. Hiyo haikuwa ya uongo.

Kwenye usukani alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fulana ya bluu, miguu mitupu, sauti ya kusikika hata injini ya Yamaha ikiwa imekaza. Gati zima lilimwita Kapteni. Boti lake, leseni yake, na ulimi wake usiochoka.

"Kaka, tazama kushoto. Ule mwamba unaouona una umbo la kiti. Wageni wote wanataka kupigwa picha pale. Wewe hutaki?"

"Baadaye, dada."

Hakutaka picha. Alitaka honi tatu.

Faili la Kapteni lilikuwa na kurasa kumi na moja, na Kipanga ndiye aliyeziandika zote. Alhamisi tano mfululizo alijibanza juu ya kilima na darubini. Alhamisi zote tano, saa nne kasoro, boti hili lilipunguza mwendo kwenye kona ileile, likapiga honi tatu, likaondoka. Na kila Ijumaa, dawa bandia za shinikizo la damu zilikuwa zimeshatapakaa madukani. Vidonge vya chaki ndani ya maboksi mazuri. Watu walikuwa wanameza, wanapanda kitandani, hawaamki.

Nyuma ya biashara hiyo kulikuwa na wageni wawili kutoka ng'ambo waliokula njama na vigogo wasiojulikana. Mzigo ulishushwa mahali fulani kwenye pwani hii. Wapi? Hakuna aliyejua. Aliyejua, kwa mujibu wa faili, alikuwa Kapteni. Katika kazi ya Kipanga, kitu kinachojirudia ni ishara.

"Na hapa," Kapteni alisema, "ndipo penye genge la membe, jabali la ndege wa baharini. Siku nyingine wangekuwa wamejaa hapo juu mpaka mwamba unakuwa mweupe. Leo humwoni hata mmoja. Wiki ya sita hii, ikifika Alhamisi wanahama. Ndege hawa hawahami hivihivi, kaka. Kuna kitu kinawasumbua mle pangoni chini. Nilitaka hata nikaripoti, ila nikaripoti wapi, kwamba ndege hawajaja?"

"Ndiyo, ndiyo," Kipanga alisema. Alikuwa anatazama saa.

Tatu na dakika hamsini.

Boti likakata kona. Ufukweni, juu kidogo ya maji, kulikuwa na nyumba za mawe zilizobanana. Moja ilikuwa na dirisha la kijani.

Kapteni akapunguza mwendo.

Mkono wa Kipanga ukaingia chini ya taulo.

Honi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Na kule dirishani, pazia jeupe likacheza. Likafunguka, likajifunga. Kapteni akapunga mkono, akacheka mwenyewe.

Jibu. Wamejibizana mbele ya macho yake, mchana kweupe. Moyo wa Kipanga ulidunda kwa furaha, tuseme ukweli. Baadaye furaha hiyo ndiyo ilikuja kumtesa kuliko yote.

"Zima injini. Mikono juu ya usukani."

Kapteni aligeuka akidhani ni utani. Akaiona bastola. Injini ikazimwa.

"Kaka, kama ni fedha, zimo kwenye..."

"Nyamaza." Pingu zikalia. Mkono mmoja wa Kapteni ukafungwa kwenye chuma cha ukingo. Boti mbili za waendeshaji wenzake Kapteni zilikuwa zinapita jirani, zimejaa wageni. Watu wote waligeuza shingo. Kipanga akawaita askari waliokuwa wamejificha ufukweni. "Kikosi, Kipanga hapa. Dirisha la kijani, nyumba ya tatu kutoka kwenye ngazi. Vunjeni."

"Tumekusoma. Tunavunja."

"Msivunje," Kapteni alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Kaka, nakuomba. Yule ni mama yangu. Ana kiharusi. Mwaka wa nne huu yuko kitandani. Mimi nikipita napiga honi ajue sijazama. Yeye amefungiwa kamba kwenye pazia, anaivuta kwa mkono uliobaki mzima. Nikiliona pazia najua amefika saa nne salama. Basi. Hakuna kingine."

"Kila Alhamisi?"

"Alhamisi?" Alimtazama kama mtu anayesemeshwa na kichaa. "Kila siku, kaka. Hata Jumapili. Hata mvua ikinyesha."

Kipanga alitabasamu. Alikuwa amesikia hadithi nyingi za namna hiyo. Alichomoa kidude cha sikioni, akatoa redio yake mfukoni, akafungua kipaza sauti chake, akaiweka juu ya kiti katikati yao. Alitaka Kapteni asikie mwenyewe wenzake wakikamatwa. Hakuna kanuni ya kazi iliyomtuma afanye hivyo. Alijisikia tu.

Redio ikakwaruza. Mbao zikapasuka. Kitu kikaanguka, kishindo kizito kisicho cha mlango.

Redio ikakwaruza tena.

"Kipanga, Kikosi hapa. Kuna bibi mmoja. Yuko sakafuni. Ameanguka tulipovunja."

"Silaha? Redio? Ramani?"

"Hakuna. Kuna kiti cha magurudumu. Na kuna... kuna kamba imefungwa kwenye pazia."

Kipanga alitazama dirisha la kijani.

Kila siku. Hata Jumapili. Na yeye, mjuzi wa miaka kumi na saba, alipanda kilimani Alhamisi tu, kwa sababu dawa zilikuja Alhamisi. Jumatatu moja. Angepanda kilimani Jumatatu moja tu angejua. Kurutu wa wiki ya kwanza asingefanya kosa hilo.

"Mmemwinua?" aliuliza.

"Hapana. Tunasubiri amri."

Bibi yuko chini, vijana sita wenye bunduki wamemzunguka, wanasubiri amri ya mtu aliyevaa kofia ya utalii. Uso wa Kipanga ulimwaka hadi masikioni. Alitamani bahari ifunguke imfunike na kofia yake.

Kapteni hakulia. Aliongea polepole, akitazama redio badala ya kumtazama yeye.

"Waambie wamshike kwapa la kulia. Mkono wa kushoto haufanyi kazi, wataung'oa. Wamweke mto mgongoni. Na mmoja abaki naye, amwambie mwanawe anakuja."

Kipanga akarudia maneno yote, moja baada ya moja, kama mtoto anayetumwa dukani. Kisha akatoa ufunguo wa pingu. Ukamponyoka, akapiga magoti kuutafuta kwenye maji machafu ya boti. Kapteni alisubiri. Hata hakumwambia ulipo.

"Kipanga, Mkuu hapa. Mzigo uko wapi?"

Hakujua.

"Kipanga, jamaa wakisikia vurugu hizo wataingia mitini. Mzigo uko wapi?"

Alimfungua Kapteni. Kifundo cha mkono wake kilikuwa na alama nyekundu. Kipanga alijaribu kumtazama usoni, akashindwa, akatazama alama.

"Dada. Ulisema nini kuhusu wale ndege?"

"Sasa ndiyo unasikia?"

Kapteni alisugua kifundo, akatazama dirisha la kijani ambalo pazia lake lilikuwa limening'inia upande mmoja. Bila shaka alitaka kukata kwenda nyumbani, na Kipanga asingemzuia.

"Ni mzigo gani mnatafuta?"

"Dawa za shinikizo. Bandia. Zinaua watu."

"Mama yangu anazimeza hizo asubuhi na jioni." Akawasha injini. "Kaa chini. Shika ukingo."

Boti likageuka kwa ghafla, nusura Kipanga atupwe nje na Glock yake.

Genge la membe lilikuwa tupu. Chini yake mdomo wa pango ulikuwa unaonekana nusu, maji yamekupwa. Kapteni hakuuelekea. Alilizungusha boti nyuma ya miamba, akazima injini, akaacha mkondo uwasukume.

Sauti. Watu wawili wakigombana kwa lugha ya kigeni. Maboksi yakitupwa upesiupesi.

Kisha mngurumo. Boti jeusi la mpira likachomoka pangoni, limeshiba maboksi mpaka pomoni. Mmoja kwenye usukani. Mmoja na bunduki aina ya Uzi mkononi.

Risasi zikararua kofia ya Kipanga. Haikuwa hasara.

"Lala chini," Kapteni alisema.

"Wanatuacha."

"Nimesema lala."

Jamaa walikata kuelekea bahari kuu, njia ndefu, wakiukwepa mwamba. Kapteni alipita juu ya mwamba wenyewe. Kulikuwa na upenyo wa maji, mwembamba kama uchochoro, ambamo kila siku aliwaonyesha wageni kasa. Mawe yalikwangua ubavu wa boti kulia na kushoto. Aliuma meno, akapita, akatokea mbele yao hatua thelathini.

Kipanga aliinuka. Pumzi moja. Risasi mbili.

Ya kwanza ikaingia kwenye injini yao. Ya pili ikaingia kwenye bega la mwenye Uzi. Boti jeusi likayumba, likapanda mwamba, likapasuka, na maboksi meupe yakatapakaa majini. Wanaume wawili walinyoosha mikono wakiwa maji ya shingo.

"Mkuu, Kipanga hapa. Wote wawili wako hai. Mzigo wote tunao."

"Kazi safi kabisa. Sikiliza sasa. Ukifika gatini kuna gari jeusi. Panda, usigeuze kichwa. Sura yako isijulikane."

"Na yule mama?"

"Mlango uliovunjwa unahitaji sababu. Kapteni abaki kwenye faili kama mshukiwa, tutalifunga mwakani au lini huko. Mambo ya kawaida."

Redio bado ilikuwa kwenye kipaza sauti.

"Mshukiwa hapewi leseni," Kapteni alisema, wala hakupandisha sauti. "Naihuisha mwezi ujao. Na wenzangu wameniona na pingu. Nani atapanda boti langu?"

Boti la doria lilipokwisha kuwachukua wale wawili, walirudi gatini. Gari jeusi lilikuwepo, mlango wazi, injini inanguruma. Kapteni aliruka kabla boti halijafungwa, akakimbilia ngazi. Kipanga alivaa miwani ya jua. Hatua kumi na mbili hadi kwenye gari. Alipiga nne.

Kisha akafuata ngazi.

Mbele ya nyumba watu walikuwa wamefurika: majirani, waendesha boti, mwenye duka la vinywaji. Mlango ulikuwa umelala chini. Ndani, bibi mwembamba, mdogo wa umbo, alikuwa kitandani na mto mgongoni, na askari mmoja aliyeinamisha kichwa alikuwa bado amemshika mkono. Kapteni alikuwa amepiga magoti akimpapasa nyonga, bega, kichwa.

"Kipanga," kidude cha sikioni kilisema, maana alikuwa amekirudisha. "Toka humo. Unajifichua."

Alivua miwani. Akageukia watu waliojaa mlangoni.

"Mimi ni mpelelezi wa serikali," alisema kwa nguvu, mpaka wa nyuma wasikie. "Nilimshuku Kapteni nikakosea. Hana kosa lolote. Mlango huu nimeuvunja mimi. Bila yeye wauza dawa bandia wangetoroka leo, na nitaliandika hivyo kwenye faili na kuweka sahihi yangu. Nitazameni vizuri usoni, msije mkasema hamkumwona aliyesema."

Sikioni, Mkuu alitoa tusi moja, kisha mtambo ukazimwa. Miaka kumi na saba iliishia hapo. Sura inayojulikana na gati zima haitumwi tena popote.

Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Neno lilitoka upande mmoja wa mdomo, taratibu. Bibi alimtazama uso uliojaa mafuta ya jua, kisha akamuuliza bintiye, "Ni mgeni wako huyu?"

"Wa leo, mama."

"Ameipenda pwani yetu?"

Swali lilikuwa la heshima tu, la mwenye nyumba kwa mgeni. Kipanga alitafuta kichwani kitu kimoja cha kusifu, akakuta saa yake tu.

"Sikuiangalia, mama. Nilizungushwa saa nzima sikuona kitu. Nisamehe."

Bibi alimpapasa mkono kwa ule wa kulia, mara mbili, namna mtu anavyompoza mtoto aliyevunja kikombe. Kisha macho yake yakamhama, yakaenda kwenye uwazi ulipokuwa mlango, yakabaki huko. Akajivutia shuka hadi kidevuni.

Kipanga aliinuka haraka, akainama kuuinua ule mlango ausimamishe.

"Usiuguse," Kapteni alisema. "Fundi anakuja. Wewe nenda."

Aliurudisha chini polepole, usipige kelele. Watu walimpisha. Alipita katikati yao mgongo umenyooka, hatua za taratibu, mikono mfukoni, jinsi walivyomfundisha chuoni. Mwenye duka la vinywaji alimwambia jirani yake kwamba hawa watu wana roho ngumu, tazama anavyotembea, wala hana wasiwasi.

Kipanga alisikia. Aliendelea kutembea.