Ng'ombe wa Miraba

Kitu cha kwanza Letisia alichokiona ni macho ya Naanyu. Yule mama mfugaji alikitazama kibao cha kisimani kama mtu anavyotazama jani, kisha akachota maji ya kunywa. Kibao kilisema: MAJI YA NG'OMBE.

Wiki ile Lemayan, mtoto wa Naanyu, aliharisha mpaka macho yakaingia ndani.

"Kibao kipo, na mkutanoni tulitangaza," alisema Mzee Nikolaus, balozi wa nyumba kumi.

"Wakati ule kina Naanyu walikuwa hawajahamia hapa Kidete, mzee," Letisia alisema kwa sauti ndogo. "Tuchore ng'ombe."

"Haya, chora wewe."

Alipaka ubao chokaa, akashika mkaa. Alianzia katikati, kwenye tumbo. Tumbo likanenepa. Kufika shingoni, ubao umekwisha.

"Meza ya nani hii?" vijana wakacheka. "Ina miguu minne, haina kichwa!"

Letisia aliona haya, lakini ubao hakuutupa. Aliupaka chokaa upya, akaupeleka kwa jirani yake Selestina, aliyefunzwa kudarizi misheni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi hata ua dogo sianzi bila kuhesabu." Selestina akatoa daftari la hesabu lenye miraba. Akaitia giza baadhi, mingine akaiacha myeupe. Ng'ombe akatokea. "Ana miraba mingapi kwa upana?"

"Kumi na sita."

"Kwenda chini?"

"Kumi."

"Basi piga mistari ubaoni, upate hesabu hiyo hiyo. Miraba ikiwa mikubwa, haidhuru. Anzia pembe ya juu, kushoto. Maliza safu moja ndipo ushuke. Usiruke hata mraba mmoja!"

Letisia aliruka mmoja. Safu nzima ikasogea, shingo ikaachana na kichwa.

"Umemchinja tena!" Selestina akacheka.

Letisia alifuta, akahesabu upya, kidole kikiwa daftarini. Kabla ya jua kuzama ng'ombe alikuwa amesimama, na pembe zake mbili. Kwenye ubao wa pili, wa kisima cha watu, akachora ndoo. Mzee Nikolaus alivipigilia vibao misumari kwa mkono wake.

Siku chache baadaye Naanyu alikuja na debe, Lemayan akikimbia nyuma yake, amepona. Akamwona ng'ombe, akatabasamu, akapita moja kwa moja hadi kwenye ndoo.

"Ng'ombe wako amenona," alimwambia Letisia. "Lakini wewe msomi, ulijuaje kwamba mimi sisomi?"

Letisia aliinama. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Niliacha shule darasa la pili," alisema. "Kile kibao cha kwanza, hata mimi sikuweza kukisoma."