Kibuyu cha Pacha

Haya yalimpata rafiki yangu Josepha, kule Bukene enzi za Mwingereza, mumewe akiwa kibarua wa reli. Alijifungua mapacha, mmoja akafa. Mama mkwe wake akafuata mila: akakivika kibuyu kipande cha kaniki kiwe badala ya marehemu, akakilaza kando ya mtoto aliyebaki.

"Ukimnyonyesha huyu, mwanangu, mdondoshee na mwenzake."

Josepha aliitikia tu. Maziwa hayakuwa yakitosha wawili, na yule mmoja alipozikwa, aliniambia bila kunitazama, alishusha pumzi.

Siku katekista alipotarajiwa kuja kumwona mtoto, Josepha aliona haya kukutwa na mila ile. Akakificha kibuyu ndani ya kihenge cha mtama kilichokuwa mle nyumbani, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kisimani. Njia nzima titi la kushoto lilimuuma kwa kujaa.

Aliporudi ilikuwa mchana, lakini nyumba yao haikuwa na dirisha. Humo gizani akasikia mtoto akinyonya, polepole. Wake alikuwa mgongoni, amelala. Sauti ilitoka kihengeni.

Akakitoa kibuyu. Kaniki ilikuwa na joto la mwili, na mdomo wa kibuyu umelowa maziwa.

Akajishika titi la kushoto. Lilikuwa limelegea, tupu.